Siku Niliyonunua Bafta Bila Kupatana

Acheni nijicheke mwenyewe kwanza kabla hamjanicheka ninyi, maana hapa Rumonge wameshanicheka vya kutosha na bado hawajachoka, mpaka leo kuna mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, pale sokoni ambaye wenzangu anawasalimia amahoro vizuri kabisa, lakini nikifika mimi ananiambia "pole na msiba," halafu anageuka pembeni mabega yakimtingishika, na mimi nachukua ndagala zangu naondoka. Kuna aibu ya kuteleza kwenye matope na aibu ya sketi kuchanika mbele za watu, hizo ni aibu ndogo, zinasahaulika. Mimi nilimfanyia mume wangu matanga naye yuko hai, anatembea, ana njaa yake ya mchana kama kawaida. Na sikukusudia. Nilichokuwa nataka mimi ni kukaa nyumbani kwangu kimya, siku moja tu, nidarizi shuka.

Jina langu ni Mwajuma lakini hapa mtaani hakuna anayelitumia, mimi ni Mama Zuhura. Huyo Zuhura ni binti yangu wa kwanza, yuko darasa la sita na anajua kila kitu, muulizeni. Wanaomfuata ni mapacha, Hasani na Huseni, wavulana wawili wenye kelele za wavulana wanane, na wa mwisho ni Idi, ambaye mpaka sasa nikienda msalani ananifuata na maswali yake (nikifunga mlango anakaa nje anapitisha vidole kwa chini, naviona vile vidole vinanipungia). Nawapenda, wallahi, ningewazaa tena wote wanne. Lakini kuna mambo hayafanyiki ukiwa na watoto wanne miguuni, na kudarizi ni mojawapo.

Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha kabla sijaolewa, yale mashuka meupe yenye maua na ndege, na pembeni lesi ya kufuma kwa mkono. Hakuna kitu ninachokipenda kama hicho. Mwingine anapenda kuangalia mpira, mwingine anapenda kukaa kwa mwenye saluni asuke asisuke, mimi nipe kitambaa cheupe, nyuzi za rangi na sindano, halafu uniache. Tatizo ni hilo la kuniacha. Mtu akikuita "mama" ukiwa katikati ya ua, lile ua linapinda, na kwangu maua yote yalikuwa yamepinda. Nina foronya moja ina tausi aliyefanana na bata, kwa sababu siku niliyomshona mapacha walikuwa wanamfukuza jogoo ndani ya nyumba.

Basi nikamwomba mume wangu Jumamosi moja kila mwezi. Shabani ni mtu mpole, mrefu kama mlango, kazi yake ni kupanda huko vilimani kwa watu wanaokamua mawese, kuyanunua, na kuyashusha hapa mjini kuwauzia wafanyabiashara wa Bujumbura. Nikamwambia, siku hiyo moja watoto waende Magara kwa mama yako, wewe uende kwenye mawese yako, mimi nibaki na nyumba. Akasema sawa, hata hakuuliza sababu. Shida haikuwa yeye. Shida ilikuwa mama yake.

Mama mkwe wangu, Bibi Hawa, anauza samaki pale Magara tangu Shabani hajazaliwa, na amezoea kusema neno moja mahali ambapo wengine wanasema kumi. Tulipomweleza akasema, "Mwanamuke anataka kukaa mu nyumba peke yake, bila mutoto, bila bwana? Huyo iko na kitu anaficha." Shabani akajaribu kunitetea, mama yake akamkatiza. "Nitawachukua watoto. Lakini siku nitasikia kitu, kitu chochote, itakuwa mara ya mwisho." Akanitazama mimi, hakumtazama mtoto wake. Kwa hiyo mnaelewa, Jumamosi ile ya kwanza ilikuwa mtihani. Ikipita bila neno, ninayo siku yangu kila mwezi. Ikiharibika, ndio basi tena, nirudi kushona mabata.

Ijumaa jioni Shabani akawapeleka watoto Magara na basi. Jumamosi asubuhi akapanda moto, pikipiki ya kukodi, kwenda vilimani, huko ambako telefone haishiki, na mimi nikakimbia sokoni kununua bafta. Hapo sasa ndipo nilipofanya kile kitu kidogo kilichonimaliza.

Mzee Ramadhani ndiye anayeniuzia vitambaa, na mimi na yeye tuna mchezo wetu wa kupatana bei, anataja yake, mimi nashika kichwa, nataja yangu, yeye anamwita Mungu ashuhudie, tunaweza kumaliza asubuhi nzima na tunafurahi wote. Siku ile nilikuwa na haraka. Nilihesabu kwamba nikipatana na Mzee Ramadhani kama kawaida nitakula nusu ya utulivu wangu palepale sokoni, kwa hiyo nikamwambia anikatie bafta nyeupe, mita nyingi, nikamlipa alichotaja, sikusema hata neno. Akasimama na mkasi mkononi akiniangalia. Halafu akakikunja kile kitambaa polepole, kwa heshima, akanipa kwa mikono miwili, akasema, "Mungu akupe nguvu, mwanangu." Nikasema amina, nikaenda zangu.

Sasa ninyi ambao si wa huku labda hamjui. Kwetu sisi Waislamu wa Rumonge bafta nyeupe ni shuka, ni kanzu, ni chochote unachotaka, lakini bafta nyeupe isiyopatanwa bei ni kitu kimoja tu. Sanda haipatanwi. Mtu aliyefiwa analipa, ananyamaza, anaondoka, na muuzaji hamuulizi neno, maana kumuuliza ni kumtonesha. Mimi nimezaliwa hapa, nimezika watu hapa, najua jambo hilo kama ninavyojua jina langu, na halikunipitia akilini hata kidogo. Akili yangu ilikuwa kwa tausi.

Nikafika nyumbani. Bafta mpya ina wanga, haipitishi sindano vizuri, lazima uitie kwanza kwenye maji ya moto. Nikawasha moto uani, nikateleka maji kwenye sufuria yetu kubwa ya pilau. Halafu nikatazama saloni yangu, sebule tunayokaa, nikaona ni ndogo, shuka la kitanda cha watu wawili huwezi kulichora juu ya mapaja, unataka sakafu. Kwa hiyo nikatoa viti vyote nje, nikatoa meza, nikavuta na lile kochi refu mpaka barazani, nikatandika mikeka chini ukuta hadi ukuta. Na kwa vile ilikuwa siku yangu, nikasema na uso nao upumzike, nikakoroga manjano na maziwa ya mgando nikajipaka kuanzia paji la uso mpaka shingoni. Mnajua manjano yakianza kukauka huwezi kucheka wala kuongea, yanapasuka. Nikajitanda kanga kichwani mpaka chini ya macho, nikaendelea kupanga viti.

Mama Neema akaniona kutoka kwake. Huyu ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alitoka Fizi ng'ambo ya ziwa, Mkristo, mtu wa kusali kwa sauti, na moyo wake ni mzuri kupita kiasi (shida ya moyo wake ni kwamba unakimbia mbele ya masikio). Akaniuliza, "Mama Zuhura, kuna nini? Mbona viti nje?" Nikamwonyesha kwa mkono kwamba si kitu, tutaongea baadaye. Akauliza, "Na watoto?" Nikaonyesha kwa mkono, kule, Magara. Akauliza, "Na Baba Zuhura?" Nikanyoosha mkono kuelekea vilimani, juu.

Nafikiri hapo ndipo mume wangu alipofariki.

Mimi nikaingia ndani, nikavua gauni nikavaa jezi ya mpira ya Shabani, ile kuukuu yenye shimo kwapani, hakuna nguo inayonipa raha kama ile. Nikafunga rido, lile pazia la mlangoni. Nikazima telefone. Nikachomeka ekuta masikioni, nina kile kiredio kidogo cha kadi chenye taarabu zangu zote, nikapandisha sauti. Bafta ilishaiva kwenye maji, nikaikamua, nikaianika kidogo kule nyuma kwenye jua kali mpaka ikakauka, nikaitandaza juu ya mikeka, nikapiga magoti na penseli yangu. Na jamani, acheni niwaambie kuhusu ile saa, maana katika mkasa wote huu hiyo ndiyo sehemu ninayoitaka irudi. Hakuna aliyeniita. Nikachora mkia wa tausi, unyoya kwa unyoya, hakuna aliyeuliza unyoya ni nini. Nikanywa chai ikiwa bado ya moto. Nikaimba, manjano yapasuke yakitaka. Nikawa najiyumbisha pale sakafuni kulia na kushoto na ule wimbo, nimefumba macho, nikasikia mwili mzima unalegea, na nikamshukuru Mungu kwa sauti kubwa, maana ukiwa na ekuta hujui sauti yako ina ukubwa gani.

Kumbe kuna wakati Mama Neema alifungua rido kidogo akachungulia. Alichokiona ni mimi, nimempa mgongo, nimepiga magoti mbele ya kitambaa cheupe kilichotandikwa, nayumba huku na huku nikilia "Ya Rabbi." Akalifunga taratibu. Akawaambia waliokuwa wameshaanza kukusanyika, "Muacheni kwanza. Anamuaga."

Kilichonitoa ndani ni moshi. Nikanusa moshi mwingi, nikafikiri ule moto wangu wa maji umeshika kitu. Nikatoa ekuta, na kitu cha ajabu, nje kulikuwa kimya lakini si kimya cha mahali pasipo na watu. Nikajitanda kanga yangu, nikafunua rido.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wanaume wameketi kwenye viti vyangu, kofia kichwani, vichwa chini. Mzee Ramadhani ameketi kwenye kochi langu na tasbihi. Wanawake wako upande wa jikoni, wengine wanachambua mchele, mmoja anakata vitunguu analia na sikuweza kujua analia kwa sababu gani, kuni zimejaa hadi njiani na kuna sufuria za jumuiya ambazo hutolewa kwenye harusi na kwenye vifo. Nikasema moyoni, maskini, nani amefiwa? Na kwa nini wamekuja kuweka matanga kwangu? Nikaona labda ni kwa Mama Neema, kwake padogo, wameomba uwanja wangu na mimi nina ekuta sikusikia. Nikajisikia vibaya sana. Mtu mwenye adabu angeshatoka zamani kusaidia.

Nikamwona Mama Neema anakuja na mikono wazi, macho mekundu, na mimi nikamkimbilia nikamkumbatia nikaanza kulia, kwa sababu nampenda Mama Neema na sikutaka afiwe. Tukalia pale, kila mmoja anampigapiga mwenziwe mgongoni. Nikamwambia, "Jikaze, mama, jikaze." Akaniambia, "Wewe ndiye ujikaze." Nikamuuliza sikioni, "Ni nani?" Akaniachia, akanitazama, akawageukia wenzake akasema, "Yoo, maskini. Akili imeshatoka."

"Mama Neema, niambie ni nani."

"Baba Zuhura ametutoka," akasema. "Kubali, mama. Wote tunajua sasa."

Naomba msicheke hapa, mtacheka mbele. Nilisimama nikawatazama watu wote wale, wazee wenye akili zao, wanawake niliokuwa nao kwenye kila kilio cha mtaa huu, na nikawaza kwamba watu wengi hivi hawawezi kukosea. Walikuwa wanajua kitu ambacho mimi sikijui. Telefone yangu ilikuwa imezimwa. Walinitafuta wakanikosa, kwa sababu mimi nilikuwa nataka kunyamaziwa. Nikaona ile barabara ya vilimani, ile moto, zile kona. Nikaketi chini kwenye vumbi nikapiga ukelele ambao wanasema ulifika ziwani, na nikamlilia Shabani kwa jina lake, ambalo sijawahi kumwita mbele za watu tangu tuoane. Nikamwambia arudi, nitamshonea shuka, sitaki tena Jumamosi, watoto wabaki ndani mwaka mzima, arudi tu.

Basi na kama kulikuwa na mtu mmoja pale uwanjani mwenye wasiwasi kidogo, wasiwasi wake ukaisha. Mwenye mume mwenyewe analia hivyo, nani atabisha tena. Wanawake wote wakaangua kilio, na waliokuwa wanapita barabarani wakaingia.

Katikati ya kilio hicho ndipo moto ikasimama mlangoni, na mume wangu akashuka na kidumu cha mawese kila mkono.

Alitazama viti vyake vilivyokaliwa na wanaume wenye kofia. Akanitazama mimi chini kwenye vumbi. Vidumu vikamtoka vyote viwili, kimoja kikapasuka, mawese yakaanza kutambaa uwanjani mekundu. "Watoto," akasema. "Ni mtoto gani? Ni mama? Nani amekufa?"

Wale waliokuwa wanalia waliishia hapohapo walipofika. Akamtazama Mzee Ramadhani kwa sababu ndiye mkubwa kuliko wote, akamuuliza tena, na Mzee Ramadhani, ambaye ni mtu wa kweli, hajawahi kudanganya hata kwenye mita, akaweka tasbihi magotini akasema, "Ni wewe, mwanangu."

Mimi niliruka kutoka pale chini nikamrukia shingoni, jezi yake mwilini mwangu, nikamshika masikio, pua, nikamnusa mawese na jasho, nikawa nacheka na kulia kwa pamoja, na katika kuruka huko kanga ikabaki chini. Sasa ndipo watu wakaniona. Manjano yalikuwa yamekauka usoni, machozi yamechimba mifereji mpaka kidevuni, na manjano mengine yamehamia kwenye shati jeupe la Mama Neema. Nikasikia bibi mmoja nyuma akimuuliza mwenzake, "Amefiwa leo, na ameshajipaka manjano?"

Kesi ikaanza palepale. Shabani akataka kujua nani alisema amekufa. Mama Neema akasema yeye hakusema, yeye aliona viti. Waliofuata wakasema waliona maji ya moto kwenye sufuria kubwa, maji ya kuoshea, nani mwingine anachemsha maji kama yale mchana. Wakamgeukia Mzee Ramadhani, naye akasimama, akasema kwa huzuni kabisa, "Alinunua bafta. Hakupatana." Uwanja mzima ukasema ahaa, na macho yote yakarudi kwangu, na mume wangu akaniuliza kwa upole wake ule, "Mama Zuhura, kwa nini hukupatana?"

Nikasema nilitaka kuwahi kudarizi.

Aliyeanza kucheka ni Shabani. Alijaribu kujizuia, akashika mdomo, akashindwa, akaketi kwenye kiti alichoachiwa na mtu, na baada yake wakafuata wote, mpaka yule wa vitunguu. Na mimi nikacheka, manjano yakawa yanadondoka vipandevipande. Ningeweza kucheka mpaka jioni. Lakini Mama Neema alikuwa hacheki. Alikuwa anavuta ncha ya kitenge chake, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama Zuhura, nisamehe. Nilishampigia Bibi Hawa."

Kicheko kikanikauka. Nikawaona wale watoto wangu wanaambiwa baba yao amekufa. Nikamwona yule mama kwenye basi. Na nitasema ukweli wote, hata kama unaniaibisha, nikaiona na Jumamosi yangu inakwenda, ile ya kwanza na ya mwisho. Alisema akisikia kitu, kitu chochote. Mtu asikie kitu gani zaidi ya hicho? Tukampigia, hakupokea. Tukapiga tena na tena. Shabani alikuwa anatafuta mtu wa moto amkimbize Magara wakati basi liliposimama kule barabarani.

Bibi Hawa aliingia na Idi mgongoni na mapacha mikononi, Zuhura nyuma yao amebeba viatu vya bibi yake, kwa sababu alitoka peku. Watu wakampisha. Shabani akaenda akasimama mbele yake, mrefu vile, hajui mikono aiweke wapi. Akasema, "Mama, mimi niko."

Alimgusa kifua kwa kiganja. Akamgusa uso. Akamshusha Idi taratibu akampa, akamtazama akimshika mtoto, kama anayehakikisha kwamba mikono ya mwanawe bado inafanya kazi, halafu akaketi palepale alipokuwa, pembeni ya mawese yaliyomwagika, akafunika uso. Mapacha walishaparamia miguu ya baba yao. Mimi nikapiga magoti mbele ya mama mkwe nikaeleza, nikaeleza vibaya, bafta, wanga, viti, tausi, nikasikia mwenyewe jinsi inavyosikika. Zuhura, ambaye anajua kila kitu, ndiye aliyesema.

"Bibi alikuwa analia mu basi," akasema. "Watu wakamuuliza, akasema mutoto wake amekufa. Wakasema utarudi na wajukuu Magara? Akasema hapana, ninaenda kukaa na binti yangu, amebaki peke yake." Akanitazama. "Nilimuuliza ni binti gani. Akasema ni wewe."

Katika miaka yote ya ndoa yangu yule mama hajawahi kuniita binti. Ananiita "mama ya watoto," akiwa na furaha sana ananiita Mwajuma. Nililia tena, safari hii bila kelele, na sikuwa na hamu ya kujitetea tena. Akipenda kuichukua Jumamosi, aichukue.

Bibi Hawa akafuta uso, akainuka, akaingia saloni. Nikamfuata. Akasimama kwenye ukingo wa mkeka akiangalia bafta, mkia wa tausi umekamilika, shingo nusu, chai yangu imepoa pembeni.

"Ni hii ulikuwa unafanya?"

"Ni hii, mama."

"Peke yako. Hakuna mutu."

"Hakuna mtu."

Akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya manyoya yale ya penseli. Nikangoja hukumu. "Mimi nilizaa tisa," akasema, "na sijakaa mu nyumba yangu peke yangu hata siku moja. Kuna wakati nilikuwa naitaka hiyo siku mupaka kifua kinauma. Nilifikiri ni ugonjwa, sikumwambia mutu." Kidole chake kikafika kwenye shingo ya tausi. "Ulipoiomba wewe mbele ya watu, bila haya, nilikukasirikia."

Nje walikuwa wanauliza kuhusu wali, maana ulikuwa umeshaiva na hakuna aliyejua unaliwaje. Mzee Ramadhani akasema chakula hakina kosa, akaomba dua ya shukrani badala ya ile aliyokuja nayo, na tukala pale uwanjani kwenye sinia, wali na maharage na samaki wa mikeke ambao mtu alileta kwa ajili ya matanga, na sijawahi kuona kilio chenye kelele za furaha kama kile. Mama Neema aliimba wimbo wa kanisani, Waislamu wakapiga makofi. Shabani alikula kuliko wote. Kila aliyepita karibu alimgusa bega, na kila aliyemgusa alisema kitu kizuri alichokuwa amekiandaa, kwa kuwa ilikuwa hasara kurudi nacho nyumbani, mpaka akaanza kutembea kama mtu mkubwa.

Wakati wa kunawa mikono Bibi Hawa akamwita mtoto wake. "Jumamosi ya mwezi ujao," akamwambia, "watoto utakaa nao wewe. Kutwa nzima. Mimi nitakuja hapa." Shabani akasema sawa. Mtu aliyetoka kufa asubuhi hana nguvu ya kubishana na mama yake mchana.

Na alikuja. Alikuja na sindano yake mwenyewe na kipande cha kitambaa, akavua viatu, akaketi upande wake wa mkeka nami upande wangu, na ninaapa kwamba kutwa nzima hatukusema maneno zaidi ya salamu. Mimi nimekula kiapo kwamba sitanunua tena hata leso bila kupatana mpaka muuzaji achoke, na asubuhi ya siku yangu nazunguka kwanza nyumba kwa nyumba, natangaza kwamba niko mzima, mume wangu yuko mzima, tunafunga mlango tu. Wanacheka, wananiambia murakoze, asante kwa taarifa. Lakini ile siku ya kwanza na mama mkwe, jua lilikuwa limeshapungua tuliposikia Shabani anarudi kutoka ufukweni na watoto. Alisimama mlangoni na mchanga hadi kwenye nywele, Idi amelala begani, Hasani ana kiatu kimoja, Huseni analia anataka kile cha Hasani, na yeye mwenyewe, yule mtu mrefu, ameegemea ukuta amechoka kuliko siku aliyokufa. Akatuangalia pale chini, tausi wangu, ua la mama yake, ule ukimya. Akauliza kwa sauti ya kuomba, "Na Jumamosi nyingine, ni ya nani?"

Bibi Hawa hakuinua uso kwenye sindano yake.

"Ni yetu," akasema.